Kutoka Redio ya Jangwani hadi Moodle

Mwaka 1951, katika mji wa Alice Springs ulioko katikati ya Australia, yalianza masomo ya redio kwa watoto walioishi kwenye mashamba ya ng'ombe yaliyotengana kwa mamia ya kilomita. Mpango huo uliitwa Shule ya Angani, nao uliegemea mawasiliano ya madaktari wa ndege waliohudumia eneo hilo la jangwa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 fundi Alfred Traeger alikuwa amebuni redio ya kupokea na kutuma ujumbe iliyopata umeme kwa kukanyaga pedeli kama za baiskeli, ili hata nyumba ya mbali kabisa iweze kumwita daktari. Adelaide Miethke, mkaguzi wa shule aliyeshiriki katika uongozi wa huduma ya madaktari hao, ndiye aliyeona kwamba njia inayopitisha habari za wagonjwa inaweza kupitisha masomo pia.

Kabla ya hapo watoto hao walisoma kwa posta. Kazi waliyoandika leo ingeweza kurudi na masahihisho baada ya majuma kadhaa, wakati mtoto ameshasahau hata alichokosea. Masomo ya kwanza ya redio yalikwenda upande mmoja tu, mwalimu akisema na watoto wakisikiliza. Muda mfupi baadaye kikaongezwa kipindi cha maswali na majibu. Badiliko hilo linaonekana dogo, lakini ndilo lililoifanya redio kuwa darasa. Mtoto sasa alimsikia mwenzake wa shamba jingine akijibu, akajua kwamba hasomi peke yake.

Miongoni mwa waliosoma kwa njia hiyo miaka mingi baadaye ni Martin Dougiamas, aliyekulia katika jangwa la Australia Magharibi. Alipofika Chuo Kikuu cha Curtin mjini Perth alisomea kompyuta, kisha elimu, na katika miaka ya 1990 akapewa kazi ya kusimamia WebCT, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni. WebCT yenyewe ilizaliwa darasani: iliasisiwa na Murray Goldberg, mwalimu wa kompyuta katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada. Lakini kufikia wakati huo ilikuwa bidhaa ya kuuzwa, na msimamizi hakuweza kuifungua na kuirekebisha kulingana na mahitaji ya wahadhiri wake.

Dougiamas akaamua kuandika mfumo wake, akiufanya kuwa sehemu ya utafiti wake wa shahada ya uzamivu. Baada ya majaribio ya miaka michache, toleo la 1.0 la Moodle lilitolewa Agosti 20, 2002, chini ya leseni huria: chuo chochote kiliruhusiwa kuichukua bure, kuibadilisha na kuigawa tena. Mawazo yake ya ufundishaji yalimfuata kwa sehemu Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria aliyeshiriki kuunda lugha ya kompyuta ya watoto iitwayo Logo mwaka 1967. Papert alishikilia kwamba mtu hujifunza vizuri zaidi anapotengeneza kitu ambacho wengine watakiona na kukitumia. Ndiyo maana ndani ya Moodle, pamoja na mahali pa kuweka maandishi ya mhadhiri, mna jukwaa la majadiliano, faharasa inayoweza kujazwa na wanafunzi, na warsha ambamo hutathmini kazi za wenzao.

Mwaka 2005 Chuo Kikuu Huria cha Uingereza, chenye uzoefu wa kufundisha kwa mbali tangu 1971, kiliichagua Moodle. Uamuzi huo ulivipa vyuo vingine ujasiri wa kuamini programu isiyouzwa.

Mwaka uliofuata ulileta tishio. Kampuni ya Blackboard, ambayo ilikuwa imeinunua WebCT, ilipewa hataza nchini Marekani juu ya namna ya kuendesha masomo mtandaoni, na Julai 2006 ikaishtaki kampuni ya Desire2Learn ya Kanada. Moodle haikushtakiwa, ila walioitumia waliona hatari: hataza pana kiasi hicho ingeweza kuwageukia wao pia. Walimu na mafundi wa nchi mbalimbali wakaanza kukusanya katika Wikipedia historia ya mifumo ya aina hiyo, ikiwamo PLATO iliyoanza katika Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1960, ili ionekane kwamba mambo hayo yalikuwapo kabla ya madai ya Blackboard. Jambo hilo linastahili kukumbukwa, kwa sababu walimu waliilinda kazi yao kwa njia ileile waliyoizoea: kila mmoja kuleta anachokijua na kukiweka wazi. Mwaka 2008 baraza la wazee wa mahakama huko Texas liliipa Blackboard ushindi wa takriban dola milioni 3.1. Julai 2009 mahakama ya rufaa ikabatilisha madai ya hataza yaliyokuwa yameipa ushindi huo.

Afrika Mashariki nayo iliipokea Moodle. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1992 na kuanza kwa vitabu na makaratasi yaliyosambazwa mikoani, huiendesha kwa ajili ya wanafunzi waliotawanyika nchi nzima, wengi wao wakiwa watu wazima walio kazini. Gharama ya leseni haipo, lakini gharama ya seva, mafundi na bando la mwanafunzi ingalipo. Kwa shida hiyo ya mwisho, programu ya simu ya Moodle humwezesha mtu kupakua somo penye mtandao, kulisoma pasipo na mtandao, na hata kufanya jaribio ikiwa mwalimu ameruhusu. Majibu husubiri ndani ya simu, yakaenda kwa mwalimu mtandao unaporudi.