Mifupa ya Binti: Urithi na Maisha

Leo twauliza: mifupa imara ya mwanamke hutoka wapi? Kwa wazazi wake, au kwa maisha yake?

Zamani, katika miji ya viwanda ya Ulaya, watoto wengi walipata matege. Moshi ulifunika anga, nao walishinda vichochoroni pasipo jua. Msichana aliyeugua aliweza kupindika nyonga, na alipokuwa mama, mtoto hakupata njia ya kuzaliwa. Wengine walifariki. Wako waliosema ni ila ya ukoo, kwa kuwa iliwapata mama na binti.

Mwaka 1890 daktari Theobald Palm alisema kinachokosekana ni jua. Mwaka 1919, mjini Berlin, Kurt Huldschinsky aliwaponya watoto kwa taa yenye mionzi kama ya jua. Mwaka huohuo Edward Mellanby, Mwingereza, alionyesha kwa majaribio ya mbwa kwamba mafuta ya ini la samaki huzuia matege. Ndipo ikajulikana vitamini D.

Je, urithi hauna kazi? Unayo. Uchunguzi wa mapacha umeonyesha kwamba zaidi ya nusu ya tofauti za uzito wa mifupa baina ya watu hutokana na urithi. Fikiri ghala: urithi ndio ukubwa wake, chakula, jua na kazi ndivyo huijaza. Nayo hujazwa utotoni na ujanani. Mtu akikaribia miaka 30, kujaza kumekwisha.

Sisi jua tunalo. Uchunguzi wa mwaka 2012 uliwakuta Wamasai na Wahadzabe wa Tanzania wana vitamini D tele mwilini. Kazi ya shamba pia huimarisha mifupa. Lakini mfupa hujengwa kwa kalsiamu, nayo hupatikana katika maziwa, mboga za majani, na dagaa waliwao pamoja na miba yao. Tena binti ashikaye mimba kabla hajamaliza kukua hugawana kalsiamu na mtoto wake, na nyonga yake haijatimia. Hatari ile ya Ulaya humrudia hapa, penye jua.

Sasa jadilini: katika nyumba zenu, dagaa na maziwa huwafikia wasichana? Na binti huolewa akiwa na umri gani? Urithi hatuwezi kuubadili. Hayo mawili twaweza. Kwaherini.