Sisi Tuliua Okidi kwa Maji, Waingereza Waliziua kwa Joto

Mwaka jana nilipolipwa kwa mara ya kwanza kwa kazi ya video, nilimnunulia mathe okidi. Ilikuwa zawadi, lakini pia ilikuwa njia ya kuomba msamaha, maana miezi michache kabla nilikuwa nimeacha chuo na tulikuwa hatuongei vizuri. Mathe alifurahi. Akaitoa kwenye kikopo chake cha plastiki, akaipanda kwenye udongo mweusi wenye mbolea, na kila asubuhi akaimwagilia kama sukuma wiki.

Baada ya wiki sita hivi mizizi ilikuwa imeoza. Mathe akaiangalia, akaniangalia mimi, akasema, "Hata hii nayo imeachia njiani."

Wasee, hayo maneno yaliniuma. Nikaanza kusoma nijue nani alikosea. Kumbe hilo kosa letu lina historia ndefu, na waliolifanya kwanza walikuwa matajiri wa Uingereza.

Mwaka wa 1818, okidi kutoka Brazil ilichanua kwenye nyumba ya vioo ya bwana mmoja aitwaye William Cattley. Mtaalamu wa mimea John Lindley akaipa jina Cattleya kwa heshima yake. Matajiri wakapagawa. Kila mwenye pesa akataka yake, na meli zikaanza kuleta mimea kutoka Amerika na Asia.

Shida ni kwamba walisikia tu "nchi za joto" wakadhani kote huko ni jiko. Wakachoma makaa ya mawe usiku na mchana, wakafunga madirisha, hewa ikawa nzito kama bafu la maji moto. Okidi zikafa kwa maelfu. Hakuna aliyeharakisha kuuliza kwa nini, kwa sababu meli nyingine ilikuwa njiani.

Sasa wewe msomaji wangu, hebu simama Limuru mwezi wa Julai uniambie hilo jiko liko wapi. Tuko karibu na ikweta na bado tunavaa masweta. Okidi nyingi hutoka milimani, kwenye ukungu na baridi. Kuzifungia kwenye mvuke ilikuwa ni kuzichemsha.

Mabadiliko yalianza kuonekana miaka ya 1830 kule Chatsworth, kwa mtunza bustani wa Mtawala wa Devonshire, Joseph Paxton. Huyu alikuwa mtoto wa mkulima na hakusoma chuo kikuu. (Nilijaribu kumtumia kujitetea kwa mathe. Haikusaidia.) Paxton alipunguza joto, akaruhusu hewa ipite, akatenga mimea kulingana na hali ya hewa ya kwao. Yaani aliuliza swali dogo sana: hii imetoka wapi, na huko iliishi vipi?

Lakini msidhani hadithi inaishia hapo vizuri. Walipojua kuzitunza, ndio wakazitaka zaidi. Mwaka wa 1891, mwindaji wa okidi aitwaye Albert Millican aliandika kitabu kuhusu safari zake Colombia. Anasema kwa miezi miwili hivi walipata mimea kama 10,000, na ili kuipata walikata miti karibu 4,000. Walioshika shoka walikuwa wenyeji wa kuajiriwa, wale wale walioujua msitu. Ua liende sebuleni London, msitu ubaki visiki.

Kwa nini leo inauzwa duka la maua Nairobi bila mtu kukata mti? Mbegu ya okidi ni kama vumbi, haina akiba ya chakula ndani. Mwaka wa 1899 Mfaransa Noël Bernard aligundua kwamba porini mbegu hiyo husaidiwa na kuvu ili iote. Mwaka wa 1922 Mmarekani Lewis Knudson akaonyesha inaweza kuota ndani ya chupa bila kuvu, ikipewa sukari. Leo zinakuzwa kwa wingi kwenye maabara na nyumba za vioo.

Ile ya mathe ilikuwa Phalaenopsis, ambayo mababu zake huko Asia ya Kusini-Mashariki hushikilia matawi ya miti. Mizizi yake hukaa hewani. Inanyeshewa, inakunywa, upepo unaikausha. Ukiifunika kwa udongo na maji kila siku, umeizamisha. Mathe alikuwa ameizika hai, tena kwa mapenzi yote.

Kwa hivyo kama unayo, iweke kwenye magome ya miti na vipande vya makaa, kwenye kikopo chenye matundu. Iweke karibu na dirisha, mbali na jua kali la mchana. Angalia mizizi: ikiwa kijani, wacha, ikigeuka kama fedha, mwagilia, halafu maji yatoke yote. Na maua yakianguka usiitupe. Imepumzika tu, na usiku wenye ubaridi kiasi ndio huisukuma ichanue tena.

Na ukienda pwani ukaona Ansellia africana kwenye mti, ile ya manjano yenye madoa ya kahawia, piga picha uiache. Okidi za porini zinalindwa na mkataba wa kimataifa wa CITES, na sisi hapa tumeshaona kule Colombia mambo yalivyoenda.

Nilimnunulia mathe nyingine mwezi wa tatu. Nilimsomea haya yote jikoni akichambua mboga, akanisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu niache chuo. Maua ya kwanza yalishaanguka. Jana alinipigia simu kuniambia imetoa jani jipya. Halafu akaniuliza kama nimekula.