Kutoka jasho hadi fikra: historia ya vitabu vya mafanikio

Katika miaka ya 1840, mjini Leeds, kaskazini mwa Uingereza, vijana wawili watatu wenye kipato cha chini kabisa walikubaliana kukutana jioni za majira ya baridi ili wafundishane. Mwalimu hawakuwa naye. Aliyejua kusoma alimfundisha asiyejua, na aliyeimudu hesabu alimsaidia aliyeshindwa nayo. Wengine walivutiwa, wakajiunga. Idadi ilipokaribia mia moja, vijana wakakodi ukumbi uliokuwa umetumika kama hospitali ya muda ya wagonjwa wa kipindupindu. Ukumbi huo ulikuwa umekosa mpangaji kwa sababu watu waliuogopa kana kwamba ugonjwa ungali humo. Vijana wakawasha taa, wakapanga mabenchi machache na meza moja ya mbao, wakaanza masomo.

Humo ndimo vilimozaliwa vitabu vya mafanikio tunavyovijua leo. Mwaka 1845 vijana hao walimwomba daktari na mhariri wa gazeti aliyeishi mjini hapo, Samuel Smiles, aje azungumze nao kidogo. Smiles alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Haddington mwaka 1812, mmoja wa watoto 11. Baba yake aliuawa na kipindupindu mwaka 1832 na mama akabaki kuilea familia kwa biashara ya duka. Kwa hiyo alipoingia katika ukumbi ule aliwaelewa waliokuwa mbele yake. Aliwasimulia habari za watu waliotoka chini wakafika mbali, akawaambia kwamba wao pia wangeweza, mradi wawe na bidii, nidhamu na uaminifu.

Miaka kadhaa baadaye, jioni moja, kijana aliyeonekana kama ndiyo kwanza anatoka kwenye kiwanda cha kuyeyushia chuma alibisha hodi kwa Smiles. Alikuwa mmoja wa wale wanafunzi. Sasa alikuwa na shughuli yake na ameajiri watu, na alikuja kushukuru kwa maneno aliyoyasikia siku zile. Smiles mwenyewe ameandika kwamba ziara hiyo ilimrudisha kwenye mada yake ya zamani. Akakusanya mifano zaidi, akaandika kitabu.

Kitabu kinachowasifu wenye kung'ang'ana kilianza maisha yake kwa kukataliwa. Mwaka 1855 mchapishaji mmoja wa London alikirudisha. Smiles alikiweka kando, kisha mwezi Novemba 1859 kikatolewa na kampuni ya John Murray kwa jina la Self-Help. Mwezi huohuo kampuni hiyohiyo ilitoa kitabu cha Charles Darwin kuhusu asili ya spishi. Ndani ya mwaka mmoja ziliuzwa nakala 20,000, na Smiles alipofariki mwaka 1904 zilikuwa zimepita robo milioni.

Anayekifungua kitabu hicho leo akitarajia siri za utajiri atashangaa. Kimejaa mafundi, wahandisi na wagunduzi, na karibu kila ukurasa una jasho. Mfinyanzi wa Kifaransa wa karne ya 16, Bernard Palissy, amepewa nafasi kubwa. Palissy alitumia miaka mingi akitafuta namna ya kupaka vyombo vya udongo rangi nyeupe inayong'aa. Kuni zilipomwishia katikati ya jaribio alitia ndani ya tanuri uzio wa bustani yake, kisha samani za nyumba, kisha rafu. Mkewe na watoto walitoka mbio wakipiga kelele mtaani kwamba baba amerukwa na akili. Mwishowe rangi iliyeyuka na kushika. Palissy wa Smiles anajaribu, anakosea, anarekebisha, anaanza upya. Hakuna mahali anapokaa chini na kuwaza kwamba chombo tayari kimeng'aa.

Katika dibaji ya toleo la mwaka 1866, Smiles alilalamika kwamba jina la kitabu limewapotosha watu wakadhani anausifu ubinafsi. Alieleza kwamba wajibu wa kujisaidia, ukieleweka kwa maana yake ya juu, unabeba ndani yake wajibu wa kuwasaidia jirani. Malalamiko hayo yalisomwa na wachache. Kitabu chenyewe kilivuka bahari. Mwaka 1871 Nakamura Masanao alikitoa kwa Kijapani, kikawa miongoni mwa vitabu vilivyosomwa zaidi katika Japani ya enzi ya Meiji. Mwaka 1880 Yaqub Sarruf alikitoa kwa Kiarabu mjini Beirut.

Fikra yachukua nafasi ya kazi

Wakati Smiles akiandika habari za mafundi, upande wa pili wa Atlantiki, katika jimbo la Maine nchini Marekani, aliishi fundi saa aitwaye Phineas Quimby, aliyezaliwa mwaka 1802. Quimby aliacha saa akageukia kutibu watu. Alishikilia kwamba chanzo cha maradhi kimo katika imani za mgonjwa, na kwamba imani ikibadilika, mwili nao hupona. Alifariki mwaka 1866, lakini mawazo yake na ya wengine waliomfuata yalizaa vuguvugu lililoitwa Fikra Mpya. Msingi wake ulikuwa kwamba fikra ni nguvu halisi, na kwamba kinachokaa akilini hutokea maishani.

Mwanzoni vuguvugu hilo lilihusu afya. Kuelekea mwisho wa karne ya 19, Marekani ilipojaa reli, viwanda na matajiri wa ghafla, watu walianza kujiuliza: kama fikra inaweza kuponya homa, kwa nini isiponye umaskini? Hapo mkondo wa vitabu hivi uligeuka.

Orison Swett Marden anasimama kwenye kona hiyo. Alibaki yatima akiwa mtoto mdogo, akakua akitumikishwa katika nyumba za watu, na alipokipata kitabu cha Smiles kilimbadilisha maisha. Mwaka 1894 alitoa kitabu chake cha kwanza, Pushing to the Front, na mwaka 1897 akaanzisha jarida lililoitwa Success. Alianza kama mwanafunzi wa Smiles anayesifu bidii, na kadiri miaka ilivyopita maandishi yake yalisogea upande wa Fikra Mpya.

Nchini Uingereza alikuwapo James Allen, mzaliwa wa Leicester mwaka 1864. Kazi zilipoadimika, baba yake alikwenda Marekani mwaka 1879 kutafuta riziki. Muda mfupi baada ya kufika aliuawa. James, mwenye miaka 15, akaacha shule ili alishe familia. Mwaka 1903 alitoa As a Man Thinketh, kitabu chembamba ambacho jina lake limetoka katika Mithali 23:7. Kinasema kwamba mtu hujengwa na mawazo yake. Hata hivyo Allen hakuwa mhubiri wa fedha. Alijali tabia na utulivu wa moyo, akaishi kwa kiasi katika mji mdogo wa pwani wa Ilfracombe hadi alipofariki mwaka 1912.

Aliyeiunganisha fikra na fedha waziwazi ni Wallace Wattles wa Indiana. Mwaka 1910 alitoa The Science of Getting Rich, akidai kwamba ipo namna maalumu ya kufikiri na kutenda inayoleta utajiri kwa uhakika. Wasomaji wengi hawajui kwamba Wattles alikuwa msoshalisti na aliwahi kugombea ubunge kwa tiketi ya chama cha Kisoshalisti. Alitaka utajiri uwafikie wote. Alifariki mwaka uliofuata. Karibu karne moja baadaye kitabu chake kilimpa Rhonda Byrne wa Australia wazo la The Secret, filamu na kitabu vilivyotikisa dunia mwaka 2006. Usoshalisti wa mwandishi haukufika huko.

Vitabu vya miaka ya njaa

Mwaka 1933, mfanyakazi mmoja kati ya wanne nchini Marekani hakuwa na kazi. Benki zilikuwa zimefungwa na akiba za watu zimepotea. Ni katika miaka hiyo ya mdororo ambapo vitabu viwili vinavyouzwa hadi leo vilitolewa, kimoja baada ya kingine.

Cha kwanza, cha mwaka 1936, ni How to Win Friends and Influence People cha Dale Carnegie, mtoto wa mkulima maskini wa Missouri. Mwaka 1912 Carnegie alikwenda katika tawi la YMCA jijini New York akaomba kufundisha jioni namna ya kuzungumza mbele za watu. Alitaka dola 2 kwa kipindi, uongozi ukakataa, wakakubaliana alipwe sehemu ya mapato. Katika kipindi cha kwanza maneno yalimwishia kabla ya muda. Ikabidi awasimamishe wanafunzi, mmoja baada ya mwingine, wazungumze habari zao wenyewe. Waliposimama, woga ukapungua. Kwa miaka zaidi ya ishirini wauzaji, makarani na wahandisi waliendelea kusimama mbele ya wenzao, wakijaribu na kusahihishwa. Mwaka 1934 Leon Shimkin wa kampuni ya Simon & Schuster alihudhuria mafunzo hayo, akaona kwamba humo mna kitabu. Nakala zake sasa zimepita milioni 30.

Cha pili, cha mwaka 1937, ni Think and Grow Rich cha Napoleon Hill, mzaliwa wa kaunti ya Wise, Virginia, mwaka 1883. Hill alisimulia kwamba mwaka 1908 tajiri wa chuma, Andrew Carnegie, alimpa kazi ya miaka ishirini ya kuchunguza siri za waliofanikiwa. Habari hiyo haina ushahidi nje ya maneno ya Hill mwenyewe, na Andrew Carnegie alikwisha kufariki mwaka 1919. Msomaji anastahili kulijua hilo.

Bado kitabu chenyewe kinahitaji kusomwa kwa makini kuliko kinavyosomwa. Hill ametoa hatua sita za kuigeuza hamu kuwa fedha: taja kiasi unachotaka, amua utatoa nini ili ukipate, weka tarehe, tengeneza mpango na uanze mara moja, yaandike yote hayo, kisha yasome kwa sauti mara mbili kwa siku, usiku kabla ya kulala na asubuhi unapoamka. Wahamasishaji wa jukwaani wameishika hatua ya sita kama kiapo. Ya pili, ile ya kutoa, haisikiki ikitajwa. Halikadhalika, sura nzima ya kitabu hicho inahusu kundi la watu wanaokutana na kuunganisha akili zao kwa lengo moja. Hata Hill, mhubiri mkuu wa fikra, hakuamini kwamba mtu hufika peke yake.

Waliomfuata walipunguza zaidi. Mwaka 1952 mchungaji Norman Vincent Peale wa New York alitoa The Power of Positive Thinking, na mwaka 1963 Joseph Murphy, mzaliwa wa Ireland, akatoa The Power of Your Subconscious Mind. Vyote viwili viliwafariji mamilioni. Ila ukivisoma baada ya Smiles unaona kilichotokea katika karne moja: tanuri limetoweka, mabenchi yametoweka, amebaki mtu mmoja na kichwa chake.

Ubaya uko hapo. Kama fikra peke yake huleta mafanikio, basi aliyeshindwa anaambiwa hakuamini vya kutosha. Mama lishe aliyevunjiwa kibanda na mkulima aliyekosa mvua wanabebeshwa lawama juu ya hasara. Na utafiti hauungi mkono ndoto tupu. Mwanasaikolojia Gabriele Oettingen, mzaliwa wa Ujerumani, aliwafuatilia wahitimu wa chuo kikuu waliokuwa wakitafuta kazi. Baada ya miaka miwili, wale waliozoea kujiona akilini wamekwisha kufanikiwa walikuwa wamepata nafasi chache na mishahara midogo kuliko wenzao. Waliotarajia mema kwa kupima uwezo wao halisi ndio waliofanya vizuri. Oettingen anashauri mtu aiweke ndoto yake na kizuizi chake mezani kwa pamoja, kisha apange atakavyokivuka.

Vitabu hivi na sisi

Kwenye vijia vya katikati ya Nairobi na Dar es Salaam, Hill, Carnegie na Murphy wamelazwa chini juu ya turubai kando ya vitabu vya shule, na wateja wao wengi ni vijana. Siwalaumu. Kijana aliyetuma maombi ya kazi bila kujibiwa anahitaji sauti ya kumwambia kwamba bado ana thamani, na vitabu hivi vinampa sauti hiyo.

Ninachoomba ni visomwe pamoja na historia yake. Eneo letu lina urithi wa kujitegemea ambao haukumtenga mtu na wenzake. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliweka kujitegemea bega kwa bega na ujamaa. Nchini Kenya, wananchi wa kawaida walichanga wakajenga shule nyingi kwa harambee. Leo wanawake wa vikoba Tanzania na wa chama Kenya wanakutana, wanaweka akiba, wanakopeshana, na mmoja akiyumba wengine wanamshika. Vijana wa Leeds wangeuelewa mpango huo mara moja, kwa sababu ndio uliokuwa wao.

Kwa hiyo, kijana unayenunua Hill leo, kisome. Andika lengo lako, ila andika pia utakachotoa. Kisha tafuta watu watatu au wanne wenye njaa kama yako, mkubaliane siku ya kukutana, na kila mmoja aje na alichokifanya tangu mlipoachana na kilichomshinda. Anayejua zaidi amfundishe anayejua kidogo. Smiles hakuianzisha kazi hiyo. Aliikuta inaendelea ukumbini, akaandika kitabu.