Ubao wa theluji kwa mtoto anayekua: kipi ukodi, kipi ununue

Kwa familia zilizohamia miji kama Denver nchini Marekani, majira ya baridi huja na ombi jipya la watoto: kwenda mlimani kuteleza kwa ubao wa theluji. Mchezo huo ulianza kwa gharama ndogo. Mwaka 1965 huko Muskegon, Michigan, Sherman Poppen aliunganisha skii mbili kwa ajili ya binti zake. Leo vifaa ni ghali, na mtoto huvizidi kimo kabla havijachakaa.

Ubao, viatu na vifungo vinavyovishika ni afadhali vikodiwe kwa msimu mzima. Maduka mengi huvitoa wakati wa vuli na kuvipokea theluji inapokwisha. Ubao ukisimamishwa, ncha yake ifike kati ya kidevu na pua, nao uwe mwepesi kupinda. Uzito wa mtoto nao utazamwe.

Ile desturi yetu ya kununua kiatu kikubwa "atakua nacho" haifai hapa. Kisigino kikinyanyuka ndani ya kiatu, mtoto hawezi kuuongoza ubao. Vidole viguse kidogo tu sehemu ya mbele, bila kukunjwa.

Kofia ngumu isibahatishwe. Inunuliwe mpya, yenye alama ya ASTM F2040 au EN 1077, imkae sawasawa; ya mtumba huenda imekwisha kugongwa bila ufa kuonekana. Vikinga vya vifundo vya mikono navyo vinahitajika, kwani anayejifunza huanguka akitanguliza mikono.

Nguo, yaani koti na suruali, ndizo zinazoweza kuwa kubwa kidogo, hata za mtumba, mradi hazipitishi maji.