Ugezi wa vifaa vya kufuatilia macho: Kwa nini kila jicho hupimwa upya

MKULIMA wa pamba wa Sola, mkoani Simiyu, hahitaji kufundishwa kwamba mizani yenye kuonyesha namba si lazima iwe mizani yenye kusema kweli. Ndiyo maana sheria inataka mizani za kununulia mazao zihakikiwe na Wakala wa Vipimo (WMA) na kuwekewa alama. Hoja hiyo hiyo inakihusu chombo kisichofanana kabisa na mizani: kifaa cha kufuatilia macho, ambacho hupima ni mahali gani hasa mtu anatazama.

Kifaa hicho hutumiwa na watafiti wa usomaji, madaktari na wafanyabiashara wa matangazo. Lakini wanaokitegemea zaidi ni watu ambao maradhi yamewanyima mikono na sauti, wakawa wanaandika kwa kukazia macho herufi moja moja kwenye skrini. Kwao, kipimo kikipotoka kwa sentimita moja, herufi inayoandikwa huenda isiwe ile waliyoikusudia.

Taa ndogo za infraredi, ambazo mwanga wake jicho haliuoni, humulika uso. Kamera hunasa vitu viwili: kitovu cha mboni, na kimeta cha taa juu ya konea, yaani utando angavu wa mbele ya jicho. Jicho likigeuka, mboni huhama kuliko kimeta, na umbali kati ya viwili hivyo ndio malighafi ya kipimo. Ni malighafi tu, kwa sababu kamera huona jicho, haioni mtazamo. Kuigeuza malighafi hiyo kuwa mahali kwenye skrini ndiyo kazi ya ugezi, neno linalotumika katika maabara za Shirika la Viwango Tanzania (TBS) kwa kulinganisha chombo cha kupimia na kipimo kinachojulikana.

Haiwezekani kuifanya kazi hiyo mara moja kiwandani ikaisha. Sehemu ya retina inayoona kwa ukali kuliko zote haikukaa kwenye mstari wa katikati ya jicho. Imeuacha kwa takriban digrii 5, na kiasi hicho hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa anayekaa sentimita 60 kutoka kwenye skrini, digrii 5 ni zaidi ya sentimita 5. Kifaa kilichorekebishwa kwa jicho la mmoja hakiwezi, basi, kuaminiwa kwa jicho la mwingine.

Mtumiaji huonyeshwa nukta, kwa kawaida 5 au 9, moja baada ya nyingine, naye huitazama kila moja kwa sekunde moja au mbili. Mashine hulinganisha ilichokiona na mahali nukta ilipokuwa, kisha hujenga kanuni ya mtu huyo. Ugumu umejificha hapa. Mizani hujaribiwa kwa jiwe la chuma ambalo uzito wake unajulikana. Jicho halina jiwe. Anayepimwa ndiye jiwe. Akipepesa macho au akiwahi nukta kabla haijatokea, kosa lake huingizwa katika kanuni, na tangu hapo mashine hukosea kwa ujasiri, ikichora alama nadhifu mahali asipotazama mtu.

Kwa sababu hiyo ugezi hufuatwa na uthibitisho: nukta nyingine huonyeshwa, na tofauti hupimwa. Vifaa vizuri, katika chumba tulivu, hufikia takriban nusu digrii. Digrii 1 yaweza kuonekana ndogo, lakini kwa msomaji aliyeshika gazeti sentimita 40 kutoka machoni ni milimita 7, yaani karibu mistari miwili ya habari. Mtafiti atadhani msomaji amerudia sentensi ambayo hakuirudia.

Wa kale walilipia usahihi kwa maumivu. Mwaka 1898 Edmund Huey, Mmarekani, alibandika kikombe kidogo cha plasta juu ya jicho lililotiwa ganzi. Raymond Dodge na Thomas Cline mwaka 1901 walipiga picha kimeta cha konea bila kuligusa jicho, na vifaa vingi vya leo ni wajukuu wa njia yao. Mwaka 2024 kampuni ya Apple iliingiza ufuatiliaji wa macho katika simu zake, nazo humtaka mwenye simu afuate nukta kwanza.

Nje ya maabara mambo huharibika upesi. Jua la mchana lina infraredi nyingi inayoweza kuzifunika taa za kifaa. Miwani huzaa vimeta vya uongo. Wanja mweusi kwenye kope unaweza kudhaniwa kuwa mboni. Hata taa ya chumba ikizimwa katikati ya kazi, mboni hupanuka na kitovu chake huhama kidogo, na kipimo huhama nacho. Mwenye makengeza hufanyiwa ugezi jicho moja moja, jingine likiwa limefunikwa. Mtoto mchanga, asiyeweza kuamriwa, huonyeshwa kikaragosi kinachocheza na kutoa mlio badala ya nukta.

Watafiti makini hawaridhiki na ugezi wa mwanzo pekee. Kila baada ya muda mfupi huweka nukta moja katikati ya skrini na kuangalia mashine inasema nini. Alama ikiwa imehama kwa digrii nzima, kazi husimamishwa na nukta 9 huanza upya.