Picha Moja ya Bamako

Wapo wenzetu wanaodai kwamba historia itaandikwa vizuri zaidi siku hizi, maana kila simu imejaa maelfu ya picha. Hebu tulipime dai hilo kwa kazi za Seydou Keïta wa Mali.

Keïta alifungua studio yake mjini Bamako mwaka 1948. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida alimpiga kila mteja picha moja tu. Basi, maamuzi yote yalifanyika kabla ya kupiga: mkono ukae wapi, uso uelekee upande gani, redio au saa ionekane au isionekane. Nyuma alitundika kitambaa, akakibadilisha kila baada ya miaka michache, hata baadaye akaweza kukadiria mwaka wa picha kwa kukitazama tu.

Hapo ndipo penye historia. Uchache ulimlazimisha mteja kuchagua, na chaguo lake ndilo tunalolisoma leo: namna watu wa Bamako walivyotaka kuonekana miaka ile ya kuelekea uhuru wa 1960. Mshairi aliyebanwa na mizani anaielewa kazi hiyo.

Lakini tusijidanganye, uchache peke yake hautoshi. Mwaka 1991 picha zake zilionyeshwa New York bila jina la mpigaji. Zilikuwa chache, nzuri, na bubu. Kwa hiyo mhakiki, kabla hajasifu, aulize: nani kaipiga, nani yumo, na lini? Picha elfu zisizoulizwa hivyo haziifikii moja iliyoulizwa.