Fundi na Mwanafunzi: Historia ya Jina la Mlezi wa Karakana katika Elimu ya Sanaa na Usanifu

Utangulizi

Katika mitaa ya Gihosha, kaskazini-mashariki mwa jiji la Bujumbura, seremala na mchomeleaji huitwa kwa neno moja: umufundi. Kwa umbo neno hilo ni la Kirundi, lakini kwa asili ni la Kiswahili. Makala haya yanatumia historia ya neno hilo kuuliza swali linalovihusu vyuo vya sanaa na usanifu: mtu anayetunza karakana ya wanafunzi, anayewasha tanuri, anayerekebisha kitanda cha mfumi na kumwonyesha mwanafunzi namna ya kushika patasi, aitwe nani? Swali hili si la msamiati peke yake. Jina humpa mtu daraja kazini, na daraja huamua iwapo ujuzi wake utahesabiwa kuwa sehemu ya elimu au sehemu ya vifaa. Hoja yetu ni kwamba Kiswahili kilikuwa na jibu tangu zamani, kisha kikaliacha lififie.

Neno na jamaa zake

Fundi ni neno la ukoo mmoja na vitenzi funda, funza na fundisha, na kutoka ukoo huohuo tumepata mafunzo, mwanafunzi na mkufunzi. Kamusi iliyohaririwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939 inamweleza fundi kuwa ni mtu mwenye ujuzi wa kazi fulani, na kwa hiyo anayeweza kuwafunza wengine kazi hiyo. Sehemu ya pili ya maelezo hayo ndiyo yenye uzito kwetu. Kwa mujibu wake, ujuzi usioweza kurithishwa haujamfikisha mtu kwenye ufundi.

Neno hili lilipoingia katika Kirundi, halikuandamana na jamaa zake. Kufundisha kwa Kirundi ni kwigisha. Mwalimu ni umwigisha. Mwanafunzi ni umunyeshure, jina lililojengwa juu ya neno shule. Mzungumzaji wa Kirundi anaposema umufundi, hakuna sauti katika neno hilo inayomkumbusha mafunzo. Fundi alivuka mpaka wa lugha akiwa na zana zake, lakini mwanafunzi wake akabaki ng'ambo.

Si Kirundi pekee kilichoutenga ukoo huu. Nchini Tanzania, lugha ya utumishi imezoea kuwapanga wataalamu kwa ngazi: wahandisi, mafundi sanifu na mafundi mchundo. Mpangilio huo unafaa katika ujenzi wa barabara na mitambo, ambako kila ngazi ina wajibu wake. Lakini unapohamishiwa chuoni huacha pengo. Mkufunzi amepewa darasa, fundi amepewa ghala la vifaa, na mwanafunzi anayehitaji wote wawili kwa wakati mmoja hana jina la kumwitia mtu aliye katikati yao.

Mfano wa udongo

Ufinyanzi, kazi ambayo nchini Burundi imehusishwa kwa muda mrefu na jamii ya Watwa, unaonyesha wazi kinachopotea. Mhadhiri wa usanifu anaweza kumweleza mwanafunzi uwiano wa shingo na tumbo la chungu. Hata hivyo, chungu kizuri kikiingia motoni kingali na unyevu, maji yaliyomo hugeuka mvuke na kukipasua. Moto ukifika nyuzi 573 za Selsiasi, madini ya kwatsi yaliyomo katika udongo hubadilika ujazo ghafla, na joto likipanda au kushuka upesi mno hapo, nyufa hutokea. Mfinyanzi mzoefu hugusisha chungu shavuni: kikiwa baridi, bado kina maji. Ujuzi huo hautoshi kuandikwa ubaoni. Mwanafunzi huupata kwa kusimama kando ya anayejua.

Weimar na Makerere

Tatizo hili limewahi kukabiliwa waziwazi kwingineko. Shule ya Bauhaus, iliyoanzishwa na Walter Gropius mjini Weimar, Ujerumani, mwaka 1919, iliipa kila karakana viongozi wawili: msanii aliyesimamia umbo na fundi aliyesimamia kazi ya mikono. Katika karakana ya ufinyanzi iliyokuwa Dornburg, mchongaji Gerhard Marcks alishirikiana na mfinyanzi Max Krehan. Hata hivyo, usawa huo haukukamilika, kwani mafundi hawakuwa na kura katika baraza la walimu. Shule ilipohamia Dessau mwaka 1925, baadhi ya wanafunzi waliolelewa chini ya viongozi hao wawili walikabidhiwa karakana wenyewe. Gunta Stölzl alianza huko kama fundi wa ufumaji, na mwaka 1927 akawa mkuu wa karakana hiyo.

Katika Afrika Mashariki, Margaret Trowell alianzisha mafunzo ya sanaa Makerere katika miaka ya 1930. Mwanafunzi wake Gregory Maloba, mzaliwa wa Kenya, alikuja kuwa mwalimu wa uchongaji hapohapo, na sanamu yake ya Uhuru ingali imesimama jijini Kampala tangu 1962. Mwaka 1953 Trowell na Klaus Wachsmann walichapisha kitabu kikubwa kuhusu kazi za mikono za Uganda. Ujuzi uliokusanywa humo ulikuwa wa wafinyanzi, wasusi na wahunzi. Majina yaliyo kwenye jalada ni ya wataalamu wawili. Hatusemi haya kuwalaumu, kwani bila wao mengi yasingeandikwa. Tunaonyesha tu jinsi kumbukumbu ya elimu inavyomhifadhi anayeeleza kazi kuliko anayeifanya. Wahenga walikwisha kusema: mfinyanzi hulia gaeni.

Hitimisho

Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na istilahi za elimu zinazosanifiwa leo kwa Kiswahili zitatumika pia Bujumbura. Iwapo tutamwita mlezi wa karakana "fundi" bila maelezo, msikilizaji wa Gihosha atamwona mtu wa nyundo na msumeno tu. Tukimwita "msaidizi," tutakuwa tumekwisha kuamua kwamba kazi yake ni ya pembeni. Tunapendekeza "mkufunzi wa karakana." Jina hilo halihitaji mkopo wowote, linaeleza mahali pake pa kazi, na linamrudisha katika ukoo aliozaliwa nao, pamoja na mwanafunzi. Istilahi pekee haitampa mshahara bora wala kura katika baraza la chuo. Itawanyima tu wanaomnyima haki hizo kisingizio cha kusema kwamba yeye hafundishi.